Gari kuukuu chini ya mti wa mukau

Msomaji mpenzi, Jumapili ya leo acha kelele za mjini, funga mkanda, tuelekee Ukambani. Sikupeleki kutazama tembo, ingawa mbuga ya Tsavo iko hapo jirani. Nakupeleka kutazama magari makuukuu, mengine yamekaa juu ya mawe miaka ishirini na zaidi, na mikono inayoyaamsha.

Garini tuko watatu: wewe, mimi na mpwa wangu. Huyu ni kijana wa dada yangu, alimaliza kidato cha nne akapata alama ya C ya kutoa. Mama yake aliuza ng'ombe wawili akamlipia karo katika chuo kimoja cha Nairobi asomee umakanika. Muhula mzima kijana alinakili ubaoni. Injini ya chuo ilikuwa imefungiwa nyuma ya wavu wa seng'enge, na wanafunzi waliitazama jinsi watoto watazamavyo simba kwenye hifadhi ya wanyama. Karo ya muhula wa pili ilipokosekana, akarudi nyumbani na madaftari manne. Nami nilipopata safari hii nikasema, twende wote, angalau ubadilishe hewa.

Barabara ya Mombasa inatufikisha Emali wakati wa chai. Anayekwenda Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, hupinda kushoto hapa. Sisi tunanyoosha hadi Makindu, na hapo ni lazima tusimame. Liko hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926, na msafiri yeyote, awe wa dini gani, hupewa chakula bila malipo, mradi avue viatu na kufunika kichwa.

Usidhani nimekusimamisha kwa ajili ya dengu na chapati pekee. Reli iliyoanza Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Nairobi mwaka wa 1899 ilileta mafundi wengi kutoka Bara Hindi, na miongoni mwao walikuwamo Masingasinga. Baadaye wengi walifungua karakana mijini. Vijana wa Kiafrika waliajiriwa humo kuosha spana, kushika taa na kufagia. Hakuna aliyewachorea kitu ubaoni; waliiba ufundi kwa macho, kisha wakatoka kwenda kujitegemea chini ya jua. Kenneth King aliyaandika mambo haya katika kitabu chake cha mwaka wa 1977, The African Artisan. Basi ukila hapo Makindu, jua kwamba uko karibu na chimbuko la jua kali yetu.

Kibwezi tunaiacha barabara kuu na kupinda kushoto. Tunavuka Mto Athi, tunapanda uwanda wa Yatta, ule mgongo mrefu wa mawe ya volkano unaonyooka karibu kilomita 300, kisha tunashuka Ikutha na kushika njia ya Mutomo. Siku hizi ni lami tupu. Zamani ilikuwa vumbi, mashimo na mito ya mchanga, na ukitoka nje ya lami mito hiyo bado iko. Kiangazi utaona akina mama wakichimba mchanga kutafuta maji. Mvua ikinyesha milimani, mto huohuo hufagia gari na dereva wake.

Ndiyo sababu nchi hii ilijaa Land Rover. Maafisa wa serikali, mapadre, madaktari, polisi, wote walizitegemea. Wazee wanaikumbuka njaa ya mwaka wa 1984 ambayo Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa huku fedha ninazo mkononi, kwa kuwa madukani hapakuwa na cha kununua. Mahindi ya manjano ya msaada yalipokuja, ilibidi yafikishwe hata vijiji ambavyo lori lilikwama.

Gari lenyewe lilizaliwa na shida. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover huko Uingereza alibuni gari la shamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na likaonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma cha pua wakati huo kilitolewa kwa mgao, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa mabati ya alumini, yakafungwa kwa bolti juu ya chesisi ya chuma. Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma. Na katika ukame wa Kitui hata chuma huchelewa kuoza, tofauti na Mombasa yenye hewa ya chumvi. Usishangae basi ukipita bomani kwa mtu na kuona Land Rover imegeuzwa kibanda cha kuku.

Kibanda kimoja cha namna hiyo ndicho kilichotuleta. Nje kidogo ya mji wa Kitui, chini ya mti wa mukau, yuko mzee fundi ambaye sitamtaja jina maana aliniomba nisimletee wageni. Aliingia gereji ya Kalasinga mmoja mwaka wa 1969, akiwa mvulana wa kushika taa. Mbele yake palikuwa na Land Rover fupi ya inchi 88, toleo la miaka ya sitini, imevuliwa bodi yote. Mayai mawili tuliyakuta kwenye kiti cha dereva.

Mpwa wangu akamwamkia kwa heshima, kisha akajitambulisha kuwa amesomea umakanika.

"Vyema, mwanangu," mzee akasema. "Injini hii inachoma kwa utaratibu gani?"

"Moja, tatu, nne, mbili," kijana akajibu bila kusita. Ilikuwa katika daftari la pili.

"Sawasawa. Sasa nionyeshe silinda ya kwanza."

Kijana akaizunguka injini mara mbili, kisha akaelekeza kidole upande wa giaboksi. Vijana wawili wa gereji wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Akaushika mkono wa mpwa wangu, akaupeleka mbele, upande wa rejeta, akauacha hapo juu ya chuma. "Hii," akasema. "Usiisahau."

Nilimtazama yule kijana usoni, msomaji, na nikajua ni kitu gani tulichokuwa tumemnunulia kwa ng'ombe wawili.

Tulipanga kulala usiku mmoja, tukalala minne. Siku ya kwanza alipewa debe la bolti azitenganishe kwa ukubwa, kazi ya kuchosha kuliko kuchambua pojo. Siku ya pili akapiga chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hutoa sauti ya boga. Palipotoa sauti ya boga palitiwa alama ya chaki, pakatwe na kuchomelewa bati jipya. Akaonyeshwa pia mahali alumini inapogusana na chuma penye unyevu, jinsi inavyoliwa ikawa unga mweupe. Na springi! Mimi nimeendesha magari miaka thelathini na sikujua kwamba kwenye gari hili springi ya upande wa dereva ni ngumu kuliko ya abiria, kwa sababu upande huo hubeba dereva na tangi la petroli. Ukizibadilishana, gari litasimama limeinama kama mtu mwenye kibiongo.

Injini ilikuwa imegoma kuzunguka. Mzee alikuwa amemimina dizeli kwenye matundu ya plagi na kuiacha juma zima inyonye. Siku ya nne akamkabidhi mpwa wangu hendeli ya kuwashia, lakini kwanza akamkunja vidole: kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, kisizunguke mpini, maana injini ikirudi nyuma hukivunja. Mzee mwenyewe gumba lake la kulia halikunjiki. Kijana akavuta, akavuta, jasho likamtoka. Ghafla kitu kikakohoa ndani na hendeli ikazunguka. Haikuwaka siku hiyo. Lakini ilizunguka, na gereji nzima ikapiga makofi. Tukala muthokoi.

Sitaki kukudanganya kwamba maisha ya jua kali ni asali ya Kitui. Hapana bima, hapana miwani ya kukinga macho, mafuta machafu yanamwagwa ardhini, na mwanagenzi huanza kwa mlo wa mchana tu. Haya ni makosa na yarekebishwe. Wala sisemi vyuo vifungwe. Vyuo vya ufundi vya vijijini vilianzishwa baada ya ripoti ya makanisa ya mwaka wa 1966 iliyouliza mtoto akimaliza shule afanye nini, na Katiba ya 2010 ikavikabidhi kwa kaunti. Swali hilo halijazeeka. Lakini chuo ambacho mwanafunzi hashiki spana ni duka la madaftari.

Utaniuliza, magari ya leo yana kompyuta, ya nini kuhangaika na ya mwaka wa arubaini na saba? Kwanza, yana soko: uundaji wa Defender ya zamani ulikoma Januari 2016, na mwaka huohuo kampuni yenyewe ikaanza kufufua Land Rover zake za kwanza na kuziuza. Pili, katika gari la kale kila kitu unakiona kwa macho na kukigusa. Aliyeelewa hapo, kompyuta atafundishika.

Tulirejea kwa njia ya Wamunyu na Machakos. Wamunyu ndiko alikotoka Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga vinyago Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na ufundi huo kwao. Nilitaka kumwonyesha mpwa wangu mahali hapo, lakini nilipita peke yangu. Yeye alibaki chini ya mukau.

Dada yangu hakunisemesha kwa majuma mawili. "Nimemsomesha aje alale chini ya magari ya watu?" aliniambia mwishowe, na sikuwa na jibu la kumtosheleza, kwani ng'ombe walikuwa wake.

Mwezi uliopita kijana akapiga simu. Gari limewaka, limekwenda hadi Mutomo, likakata hafushafti ya nyuma mchangani. Akaniomba niitafute mitumba ya Kirinyaga Road hapa Nairobi. Muuzaji akaniuliza ina meno mangapi, na ni ya upande upi. Nikampigia mpwa wangu nikamwambia amuulize mzee.

"Mzee amekwenda sokoni," akasema. "Meno kumi, mjomba. Ya kushoto, ile ndefu. Wakikupa fupi, usilipe."