Mistari katika Daftari la Duka

Kwenye sala ya jioni kuna mahali tunaponyamaza kidogo ili kila mmoja awaze makosa yake ya siku ile. Nyumbani kwetu Kimara kimya hicho kilikuwa cha kumeza mate tu. Mimi nimechoka, watoto wanasinzia, maharage yako jikoni. Tunanyamaza, tunaendelea. Kwa miaka mingi nilidhani huko ndiko kujichunguza.

Hesabu za duka sikuwahi kuzifanya hivyo hata siku moja. Nauza vitambaa Kariakoo, upande wa Mtaa wa Mchikichi, tangu 2004. Kila jioni kabla ya kufunga nakaa kwenye kistuli na daftari: majora mangapi yametoka, mita ngapi zimekatwa, nani amechukua mali kauli na ameahidi kulipa lini. Bila hesabu hiyo, fremu ya Kariakoo hukai nayo mwaka. Kodi yake haina huruma.

Kwaresima ya mwaka 2017 akina mama wa parokia tulikwenda mafungo ya siku moja. Padre aliyetuongoza alitusimulia habari za Mtakatifu Inyasi wa Loyola, yule askari Mhispania aliyevunjwa mguu na mzinga huko Pamplona mwaka 1521, akalala kitandani muda mrefu akiyapima maisha yake. Baadaye Inyasi alianzisha shirika la Wajesuiti, hao wenye shule ya Loyola pale Mabibo. Lakini kilichonishika mimi ni jinsi alivyowafundisha watu kujichunguza. Unachagua kosa moja tu. Asubuhi unakusudia kuliepuka. Mchana baada ya chakula, na tena usiku, unahesabu mara ulizoanguka na kuweka alama kwenye mstari. Kila siku ina mistari miwili, wa mchana na wa usiku. Unalinganisha mstari wa pili na wa kwanza, leo na jana, wiki hii na iliyopita. Na kila unapoanguka unaweka mkono kifuani, hata ukiwa katikati ya watu, pasipo mtu kujua.

Mama mmoja akasema, "Padre, hilo mbona ni daftari la duka!" Tukacheka.

Mimi nilichagua ulimi. Nilikuwa na vijana wawili dukani, na aliyekuwa wa tatu nilikuwa nimemfukuza Januari ile, nitamrudia. Mteja akiingia naita "karibu dada yangu, karibu mama," nabembeleza, namkunjulia jora zima kwa ajili ya mita mbili. Akitoka bila kununua, nawageukia vijana kwa maneno ambayo hapa siyaandiki. Wao walishazoea. Nami niliona ndiyo kazi, kwamba Kariakoo ukiwa mpole unaliwa.

Jumatatu ya kwanza niliweka alama kumi na moja za mchana na saba za jioni. Nilishtuka. Kama wangekuwa ni wateja wameondoka kumi na nane kwa siku moja, ningelia. Mkono kifuani niliuweka mara nyingi hata kijana mmoja akaniuliza, "Mama, kifua kinabana?"

Baada ya wiki mbili nikaona kitu ambacho nisingekiona bila kukiandika. Alama hazikutapakaa. Zilijazana siku ambazo mtu wa mali kauli aliahidi kuleta hela na hakuleta. Jumanne simu haipokelewi, alama kumi na tano. Jumatano amelipa nusu, alama tatu. Vijana hawakuwa wamekosa lolote. Nilikuwa nawaogopa wadeni wangu, na hofu ile nilikuwa naitapikia kwa watu ambao hawawezi kunijibu.

Basi nikaamua kuwaorodhesha wadeni wote mahali pamoja. Ilikuwa Jumamosi, nimebaki dukani peke yangu. Nilikuwa na daftari la duka, na kitabu kidogo cha kwenye pochi, na vipande vya karatasi nilivyoandika nikiwa barabarani. Katika kile kitabu cha pochi, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nikakuta maandishi ya Desemba: majora mawili ya kitambaa cha sare, mali kauli, mteja wa Tunduma anayepeleka mzigo Zambia. Pembeni nimeweka vema. Alikuwa ameshalipa, kwa simu, kwenye namba yangu.

Majora yale mawili ndiyo niliyomfukuzia yule kijana wa tatu.

Januari ni msimu wa sare za shule. Duka linajaa mpaka mlangoni. Tulipohesabu mzigo yakapungua majora mawili. Yeye ndiye aliyeshika funguo za stoo. Aliniambia, "Mama, mimi sijachukua, angalia vizuri." Nikamwita mwizi mbele ya majirani wa mtaa mzima na mshahara wake wa mwezi nikauzuia. Na mtu akishaitwa mwizi Mtaa wa Mchikichi, mpaka Mtaa wa Congo wamesikia. Hakuna duka litakalompa funguo tena.

Ningependa kusema niliinuka palepale kwenda kumtafuta. Sikuinuka. Nilikifunga kile kitabu. Kwa wiki tatu niliendelea kuweka alama za ulimi, nazo zilikuwa zinapungua vizuri, nikajisifu. Ndipo nilipotambua kwamba mtu anaweza kujichunguza kwa bidii ili asilione lililo kubwa. Ule mstari ulikuwa umegeuka pazia.

Kabla ya Pasaka nilikwenda kuungama Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kule karibu na bandari, kwa sababu paroko wetu angeijua sauti yangu. Nilitaja hasira, nikataja uvivu wa sala, na mwishoni kabisa, haraka haraka, nikalitaja hili. Padre akauliza, "Ameshalipwa?" Nikasema bado. Akaniambia sala atanipa, ila mshahara wa mtu haulipwi kwa sala.

Nilimpata shimoni, kule chini ya soko kuu, akibeba magunia ya viazi. Kariakoo yenyewe imepata jina lake kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nilipokuwa mdogo nilifundishwa hivyo kama jambo la zamani. Siku ile nilimwona mpagazi niliyemtengeneza mimi.

Alitua gunia, akanitangulia yeye. "Shikamoo, mama."

Marahaba ilinikwama. Nikamweleza yote, nikampa bahasha: mshahara ule na miezi mitatu juu yake. Hakuihesabu. Akasema, "Nilikwambia uangalie vizuri." Kisha akasema, "Hela nimepokea. Lakini uliniita mwizi pale juu, siyo hapa shimoni. Nenda ukawaambie na wale."

Kuna kazi nimezifanya Kariakoo: nimelala kwenye basi la Tunduma juu ya mzigo, nimegombana na madalali. Hakuna iliyokuwa nzito kama kupita duka kwa duka mtaani kwangu, naye yuko nyuma yangu, nikisema kijana huyu hakuiba, nilikosea mimi. Wengine walinipa pole. Jirani mmoja akauliza hesabu zangu ni za namna gani basi. Tajiri aliyekuwa akinipa mzigo wa jumla alisikia, na kwa miezi kadhaa akanipunguzia mali kauli hadi nusu. Alikuwa na haki. Mtu asiyejua majora yake yako wapi si wa kukopeshwa.

Nilimwomba kijana arudi dukani. Alikataa kwa adabu.

Tangu hapo nina daftari moja tu, na mali haitoki bila saini mbili, yangu na ya kijana aliyepo. Vile vipande vya karatasi nilivichoma. Biashara imekua, sasa nina fremu ya pili, na wale vijana wawili mmoja ndiye anayeisimamia. Mistari naendelea nayo. Haijawahi kufika sifuri wiki nzima.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu liliungua, jengo lile lililochorwa na Beda Amuli, na watu waliokuwa wakila kwa mgongo wao pale wakabaki bila mzigo wa kubeba. Baada ya siku chache yule kijana alisimama mlangoni kwangu. Nilidhani amekuja kuomba kazi, nikaanza kusogeza kistuli. Akasema anataka kuuza sare mwenyewe, Mbagala, anaomba majora mawili, mali kauli.

Nikawaita vijana wayatoe. Nilipofungua daftari, akauweka mkono wake juu ya ukurasa.

"Andika nikiona, mama," akasema. "Halafu nisaini na mimi."