Kisigino, Muwasho na Swali

Mjini Pune, kujitambua huanzia kisiginoni. Huko ndiko B.K.S. Iyengar alikofundisha yoga hadi alipofariki mwaka 2014, na mtindo aliouacha hauna mishumaa wala muziki laini. Alizaliwa 1918, mwaka wa janga la homa ya mafua, na ujana wake ukaandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Ukilijua hilo, hushangai kuona yoga yake imejaa vifaa vya kumfaa mtu ambaye mwili wake haumtii: kamba za ukutani, mikanda, matofali ya mbao, viti vya chuma vilivyong'olewa egemeo. Taasisi yake ilifunguliwa 1975 na kupewa jina la marehemu mkewe, Ramamani. Darasa nililoingia mimi lilikuwa la mwalimu mwingine wa mtindo huo, katika ukumbi wa ghorofani ulionukia dawa ya mbu.

Tulisimama mkao wa pembetatu: miguu imepanuliwa, mkono mmoja unashukia kifundo, wa pili unaelekea dari. Mwalimu, mama wa makamo, alipita nyuma yetu akigusa kila mmoja mahali pale pale, ukingo wa nje wa kisigino cha nyuma. Karibu darasa zima halikuwa limeweka uzito hapo. Ukipakandamiza, goti hukaza, nyonga husogea, kifua hufunguka, na pumzi uliyoibana bila habari hujitokea yenyewe. Akauliza, bila kumtaja mtu, mguu wa mbele tunaukimbilia nini. Jirani yangu, mhasibu, aliangua kicheko. Tulipokuwa tunavaa viatu akanieleza kwamba mumewe humuuliza swali hilo hilo kila wakienda sokoni.

Hiyo ndiyo nguvu ya Pune: tabia ambayo mwenyewe huioni, mwenzio anaiona mgongoni mwako. Udhaifu wake ni huo huo. Mwalimu asipokuwepo, unabaki na kisigino tu.

Darasa lilifunguliwa kwa wito wa kumtukuza Patanjali, mwandishi wa sutra za yoga. Nilinyamaza mpaka ukaisha, na hakuna aliyenihoji. Wasomaji wa kwetu pwani wataniuliza kama Mwislamu anaruhusiwa, kwa hiyo niseme. Mwaka 2008 baraza la fatwa la taifa nchini Malaysia liliwakataza Waislamu kufanya yoga. Siku chache baadaye waziri mkuu akasema mazoezi ya viungo hayana neno, mradi usiimbe. Lakini sutra hizo hizo alizifasiri kwa Kiarabu Al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu wa karne ya 11, naye imani yake haikuyumba. Ukizisoma utaona jambo la kuwachekesha wauza mikeka ya mazoezi: sutra zote hazifiki 200, na zinazozungumzia mkao wa mwili ni tatu. Nyingine karibu zote zinaishughulikia akili.

Kuifuata akili hiyo nilikwenda Igatpuri, kwa treni kutoka Mumbai. Pale Kasara injini za ziada hufungwa kwa nyuma ili kuisukuma treni kwenye mwinuko wa milima ya Ghat, na abiria hutumia kituo hicho kununua chai. Juu kuna Dhamma Giri, kituo cha taamuli ya Vipassana alichokianzisha S.N. Goenka, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyezaliwa Mandalay, Burma, mwaka 1924. Alimwendea mwalimu wake, U Ba Khin, kwa sababu ya kipandauso. U Ba Khin naye hakuwa mtawa. Alikuwa mhasibu mkuu wa serikali ya Burma. Nadhani mkono wa mhasibu bado unaonekana katika ratiba. Kengele inalia saa kumi alfajiri. Kikao cha kwanza ni saa kumi na nusu. Taa zinazimwa saa tatu na nusu usiku. Kozi ni ya siku 10, bila kuzungumza, bila simu, kitabu wala kalamu, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Ada hakuna, anayemaliza hutoa alichonacho ili mwingine aje.

Saa kumi na moja jioni mgeni hupewa tunda na chai, basi. Sisi tuliozoea saumu njaa hiyo haikutusumbua. Kilichoniuma ni kwamba hapakuwa na futari, yaani watu: kila mtu anatafuna ndizi yake akitazama ukuta.

Siku tatu za mwanzo unaangalia pumzi inavyoingia na kutoka puani. Siku ya nne unaanza kuupitisha usikivu mwilini, kutoka utosini hadi vidoleni, ukiona kila hisia na kuiacha ipite. Baadaye huja vikao vya saa nzima ambamo unaombwa usifumbue macho wala usisogeze mkono au mguu. Hapo ndipo muwasho unapozaliwa. Mmoja ulinipata kando ya pua. Ulikua, ukawaka, ukanishawishi kwamba hautakwisha mpaka nitakapofufuliwa. Kisha ukaondoka, bila sababu, kama ulivyokuja, na mwingine ukatokea gotini. Baina ya muwasho na mkono unaotaka kukuna kuna nafasi ndogo, na ndani yake niliisikia sauti yangu ikisema "siwezi". Sauti hiyo naifahamu. Ndiyo inayojibu simu za ndugu zangu wanapotaka tuzungumze juu ya shamba la marehemu baba.

Siku iliyofuata ugomvi wa shamba ukaja wenyewe. Haukuja kwa maneno. Ulikuja kama joto chini ya koo, halafu meno yakabanana, na maneno ndiyo yaliyofika mwisho, yakiwa tayari yamepangwa. Miaka yote hiyo niliamini nakasirika kwa sababu ya hoja. Kumbe joto hutangulia, hoja zikaitwa kulitetea.

Sikupenda kila kitu. Goenka alifariki 2013, lakini maelekezo na hotuba za jioni bado ni sauti yake iliyorekodiwa. Inakuambia haya si dini, kisha inakupa maelezo ya kila jambo toka mateso hadi kuzaliwa upya. Vilevile ukimya wa namna hiyo haumfai kila mtu. Fomu ya maombi inauliza historia ya magonjwa ya akili, na wanafanya vyema kuuliza. Anayetaka dozi nyepesi anayo ile kozi ya taamuli ya hospitali, aliyoiandaa Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts mwaka 1979: wiki nane, unalala nyumbani kwako, na chakula cha jioni unakula.

Kutoka hapo nilikwenda Tiruvannamalai, katika jimbo la Tamil Nadu, ambako hakuna kengele wala kozi. Mwalimu wa kiroho Ramana Maharshi alifika chini ya mlima Arunachala mwaka 1896 akiwa na miaka 16, akakaa hapo hadi alipofariki 1950. Wiki chache kabla ya kufika alikuwa amelala chini nyumbani kwa ami yake mjini Madurai, akajifanya maiti, akajiuliza ni nini kinachokufa. Kwa wageni alibakiza swali moja: mimi ni nani? Unaingia ukumbi aliokuwa akikaa, unaketi, na hakuna anayekuelekeza. Nje tausi wanapiga kelele na nyani wanaiba. Nilikaa saa nyingi nikiwachunguza watu wengine, hasa Wazungu waliovaa nguo nyeupe na kuficha simu ndani yake.

Na hapa ndipo daftari langu linapogombana lenyewe kwa lenyewe. Igatpuri inafundisha kwamba ukichunguza vizuri hutamkuta mtu yeyote ndani, ni hisia tu zinazokuja na kupita. Arunachala inasema fuata hilo "mimi" hadi shinani, kwa maana hakuna kingine kilichopo. Haya hayapatani, na wanaodai kwamba njia zote ni moja hawajakaa pande zote mbili. Mimi nimeelemea Igatpuri, kwa sababu duni kabisa: ilinipa kitu cha kufanya nilipokuwa nakereka. Kukereka nako nakereka sana, na kesi ya shamba inatajwa tena mwezi ujao.