Kura ya Kungoja



Jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo hapa Dodoma, hutumika mitaani kama tusi. Ndiyo maana wengi wetu huku Kizota tukishikwa na sonona husema tumechoka tu. Juma hili tumeulizwa: je, ni vema mtu mwenye huzuni ya namna hiyo akubali kushiriki utafiti wa tiba? Si atageuzwa chombo cha majaribio?

Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai, utafiti ulifanyika katika vijiji 30. Wenyeji walikuwa wameulizwa kwanza wanaiitaje hali hiyo. Wakataja maneno mawili ya Kiganda, moja la kujihurumia, jingine la kujichukia. Kisha kura ikapigwa. Katika vijiji 15, vikundi vidogo vilikutana kila juma kwa majuma 16, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakizungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Vijiji 15 vilivyobaki havikupewa vikundi hivyo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Miongoni mwa walioketi katika vikundi, wenye sonona walipungua kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Na waliokosa vikundi? Nao walipungua, kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Hapo yatupasa kutulia. Kumbe ipo huzuni inayopungua kadiri siku zinavyopita. Wasingekuwapo hao, vikundi vingesifiwa hata kwa nafuu ambayo havikuileta.

Kwa hiyo anayeangukiwa na kura ya kungoja hafanyi kazi ndogo. Anajibu maswali bila kupata tiba inayopimwa, na kwa subira yake wengine wanajua ipi ni tiba na ipi ni nafuu ya wakati.

Lakini sadaka haiombwi kwa hila. Mtu aelezwe mapema, kwa lugha yake, kwamba kura yaweza kumwacha nje. Aulize maswali. Awe huru kukataa, au kujitoa baadaye, bila kunyimwa huduma yake ya kawaida. Na aliye katika hatari ya kujidhuru asingojeshwe na kura yoyote. Apelekwe hospitali leo hii.

Ndugu uliyetuuliza, ukikubali, ingia ukiyajua hayo. Ukikataa, hujamkosea mtu.