Nguo ya mtu wa milima ilishonwa na nani?

Wengi wenu mnamkumbuka dada yetu aliyekimbia vita na kupokelewa Marekani, ambaye sasa anaishi Boise, katika jimbo la Idaho. Majuzi alitutumia ujumbe wa sauti wenye wasiwasi mwingi. Mtoto wake wa darasa la nne anajifunza historia ya jimbo lao, na siku moja darasa lote litavaa kama wale wanaoitwa watu wa milima, wa karne ya 19. Karatasi ya shule ameielewa nusu. Vazi la dukani ni ghali, tena ni la nailoni. Zaidi ya hayo, mtoto alimwuliza: mama, kulikuwa na mtu wa milima mweusi, ama mimi nitachekwa?

Tuliketi, sisi walimu na wamama wa ushonaji. Tulianza na swali la mtoto, maana bila jibu lake hata nguo nzuri angeivaa kama adhabu.

Alikuwepo. James Beckwourth alizaliwa Virginia na mama mtumwa. Mwaka 1824 alijiunga na msafara wa William Ashley, akatega wanyama katika milima ya Rocky, kisha akaishi miaka mingi pamoja na watu wa Crow. Masimulizi ya maisha yake yalichapishwa 1856. Yana chumvi nyingi, ndiyo, lakini mtu mwenyewe si hadithi, na kuna njia ya kuvuka milima kule Kalifornia inayoitwa kwa jina lake hadi leo.

Watu hao walikuwa wanatafuta kastori, mnyama wa mtoni anayekata miti kwa meno na kujenga mabwawa. Manyoya yake yalitengeneza kofia za wakubwa wa Ulaya na wa miji ya Marekani. Kutoka 1825 hadi 1840, karibu kila kiangazi, walikutana mahali pamoja kuuza ngozi na kununua baruti, kahawa, sukari na pombe kwa bei ya kuumiza. Mkutano huo waliuita rendez-vous, kwa Kifaransa hiki hiki tunachofundisha, kwa sababu wengi kati yao walitoka Kanada na walizungumza Kifaransa. Hata jina la Boise lina asili ya Kifaransa. Dada yetu alicheka sana kusikia hivyo.

Sasa nguo. Mtegaji mmoja, Osborne Russell, aliacha shajara, na ndani yake ameeleza walivyovaa: shati la pamba au flaneli kwa aliyebahatika kulipata, suruali ya ngozi, koti la blanketi au la ngozi ya nyati wa huko, kofia ya sufu au ya ngozi ya fisi-maji. Hakuwa na soksi. Alizungusha vipande vya blanketi miguuni, kisha akavaa mokasini, viatu laini vya ngozi. Ile kofia ya sinema yenye mkia wa mnyama unaoning'inia nyuma haimo. Fundi wetu aliposomewa hayo akasema, basi hii ni kazi ya blanketi kuukuu na shuka.

Na ndivyo ilivyokuwa. Shati la zamani lilikatwa kwa mapande ya mraba na mstatili, hakuna kitambaa kinachopotea, nalo huvaliwa juu ya suruali, refu mpaka mapajani, na mkanda nje. Dada alitumia shuka nyeupe, akaichemsha katika chai nyeusi mpaka ikapata rangi ya vumbi. Suruali ni ya mitumba, ya kahawia. Kwenye mshono wa pembeni alishonea ukanda wa kitambaa kizito, halafu akauchanja kwa mkasi uwe nyuzinyuzi. Koti limetoka kwenye blanketi la sufu. Kisu na bunduki tulimkataza hata vya karatasi, shule za huko hazina mchezo na vitu hivyo. Badala yake mtoto alibeba mfuko mdogo wenye ushanga. Ushanga wa kioo wa Venice ulifika kwenye milima ile, na katika karne hiyo hiyo ulifika Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu, ukatumika kama pesa.

Hapo mama mmoja wetu akauliza swali lililotusumbua siku mbili: ile ngozi ya suruali, nani aliitengeneza? Mwanaume anayeshinda ndani ya mto baridi akitega kastori?

Mara nyingi walikuwa wanawake wenyeji. Jim Bridger, mmoja wa watu wa milima maarufu kuliko wote, alioa mara tatu, na kila mara ni mwanamke wa mataifa ya wenyeji. Wanawake hao walikwangua nyama na manyoya, wakapaka ngozi ubongo wa mnyama, wakaivuta na kuisugua mpaka ikauke laini, kisha wakaifukiza moshi ili isikakamae ikilowa. Kazi ya siku nyingi kwa ngozi moja. Kisha wakashona. Vitabu vinamwita mume mtu wa peke yake porini! Wamama walicheka, lakini si kicheko cha furaha.

Mmoja alisema afadhali mtoto asivae kabisa, kwani watu hao karibu wamalize kastori katika mito ya wenye nchi. Hatukukubaliana wote. Tulichokubaliana ni kwamba mtoto, akiitwa mbele, aeleze mambo mawili: Beckwourth ni nani, na nani alishona.

Alieleza, kwa Kiingereza chake. Mwalimu wake akamwomba mama aje siku nyingine aonyeshe watoto lile shati linavyokatwa. Ameshapewa tarehe, na wiki hii tunamsaidia kuandaa maneno yake. Binti yake mdogo naye ameanza kudai koti la blanketi.