Gemu ya ngumi na kichwa cha mtoto

Mama zangu, leo tuongelee gemu. Mjomba alimpa mwanangu PSP, ile mashine ndogo ya kushika mkononi, ikiwa na Fight Night Round 3 ya mwaka 2006. Hata mimi huwa naicheza nikitoka shifti ya usiku. Nzuri, sikatai. Unaweza kuwa Muhammad Ali au Joe Frazier, na ukirusha ngumi ovyo unachoka, unapigwa. Mtoto anajifunza kujikinga na kusubiri.

Kasoro? Skrini ndogo, shingo inainama mpaka inauma. Lakini kubwa ni hii: bondia akianguka anaweza kuinuka, pambano likaendelea kama kawaida. Siku moja akamjaribia mdogo wake ngumi, yule akaangukia kisogo sakafuni, kimya. "Mama, mbona haamki? Kwenye gemu wanaamka!" Nikambeba mbio hospitali. Alizinduka njiani, Mungu mkubwa.

PSP sijaificha. Tunacheza wote, namwambia kichwa cha kweli hakichezewi.

Na wewe, mtoto akigonga kichwa kisha akazimia, akatapika tapika, akasinzia kupita kawaida au akapata degedege, usisubiri kukuche. Mlete.