Mwezi Uliopaka Lipstiki

Mpenzi msomaji, kama umewahi kumwita rafiki yako tapeli mbele ya kadamnasi, halafu usiku wa pili yake ukalala chali unahesabu mabati, basi ya leo ni yako. Kama hujawahi, soma tu. Siku ni nyingi.

Mwenzenu nilinunua darubini. Ndiyo, darubini ya kutazamia nyota, bomba jeupe refu la lenzi lenye stendi ya miguu mitatu. Wapangaji wenzangu walipoiona wakadhani nataka kuchungulia madirisha ya watu, na dada mmoja wa chumba cha pili akashona mapazia mapya wiki ileile.

Aliyeniuzia ni mshikaji wangu wa tangu shule ya msingi. Yeye aliipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Bei laki nne na nusu. Sasa hapo ndipo penye kasheshe, maana laki nne na nusu ile ilikuwa kodi yangu ya miezi mitatu, na baba mwenye nyumba tunaishi naye ua mmoja. Lakini hesabu zangu zilikuwa zimekaa vizuri: Jumamosi usiku naipeleka Coco Beach, buku moja kwa kichwa, vichwa mia nne hamsini pesa imerudi. Dili gani tena hapo?

Nikachagua Jumamosi ya mwezi mpevu, mwezi wa pili, mbingu safi. Kwa ambao hamjafika, Coco inatazama mashariki, kwa hiyo mwezi mpevu unachomoza kutoka baharini jioni giza linapoingia, mkubwa, mwekundu kama chungwa. Muuza mihogo kanisogezea benchi. Watu wakapanga foleni kabla hata sijafunga stendi. Mteja wa kwanza, binti mmoja wa nywele za rasta, akainama, akatazama, akaangua kicheko.

“Kaka, mbona mwezi wako umepaka lipstiki?”

Nikamsogeza, nikatazama. Kweli bwana! Chini ya mwezi mstari mwekundu, umekolea. Juu mstari wa kijani unaokimbilia buluu, kama dada aliyepaka shedo akielekea kwenye harusi. Foleni nzima ikataka kuuona mwezi uliojipodoa, kisha foleni nzima ikataka pesa yake. Jamaa mmoja anayejua mambo akasema kwa sauti: “Lenzi feki hiyo. Darubini nzuri haitoi rangi. Wamekuingiza mjini.”

Damu ikanipanda. Nikampigia mshikaji palepale, spika wazi, watu wasikie. “Umeniuzia kimeo! Tapeli mkubwa wewe! Kodi yangu umeila!” Na mengine ambayo mhariri atayafuta. Mshikaji akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole: “Upo wapi sasa hivi?”

“Nipo Coco na watu wananicheka!” Nikakata simu.

Kesho yake jioni niko uani na ile darubini, nawaza nimuuzie nani mwingine (ndiyo, nakiri, nilikuwa nawaza kumtupia mtu mwingine kimeo changu), nikasikia kikohozi nyuma yangu. Baba mwenye nyumba.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Kijana, leo tarehe ngapi?”

Mzee huyu kastaafu ualimu. Fizikia, sekondari, zaidi ya miaka thelathini. Nikajua nimekwisha. Lakini macho yake yalikuwa yameshahama kutoka kwangu, yapo kwenye bomba. Akalizunguka, akachungulia lenzi ya mbele kama daktari anavyochungulia koo. Nikaona bora nimweleze yote, na kodi ilikokwenda, na lipstiki, na utapeli wa mshikaji. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

“Ulipoiona hiyo rangi, mwezi ulikuwa upo wapi?”

Msomaji, nilihisi ubaridi mgongoni. Mshikaji hakuwa ananiuliza mimi. Alikuwa anauliza mwezi!

Mwalimu akavuta kigoda. Akasema hewa nayo inapinda mwanga, na ukitazama kitu kilicho karibu na upeo wa bahari unakitazama kupitia hewa nyingi mno, imelala mbele yako kama mche wa kioo ule wa maabara. Buluu inapindwa zaidi kuliko nyekundu. Kwa hiyo picha ya buluu inanyanyuka juu kidogo, ya nyekundu inabaki chini, na katikati zinafunikana huwezi kuona kitu. Inabaki ncha tu: shedo juu, lipstiki chini. “Hata ungeleta darubini ya bilioni moja pale Coco saa ile,” akasema, “mwezi ungejipodoa vilevile.”

“Kwa hiyo lenzi haina rangi?”

“Sijasema hivyo. Rangi haikosi. Swali ni imekaa wapi.”

Tukasubiri mpaka saa tatu na nusu. Kwa sisi wa Dar, mwezi wa pili saa hizo nyota ya Sirius inakuwa karibu na utosi, na ndiyo nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Nyeupe, kali, juu kabisa penye hewa chache. Mwalimu akasema hakuna shahidi bora. Nikaweka lenzi ya jicho ya milimita 6. Darubini yangu ina urefu wa fokasi milimita 900, kwa hiyo 900 gawanya kwa 6, inakuza mara 150.

Nikaiona Sirius, na pembeni yake kijirangi. Nikaruka: “Hiyo hapo!” Mwalimu akaniambia niilete nyota katikati kabisa. Nikazungusha visukurubu. Kijirangi kikapotea! Kumbe ile ilikuwa ya lenzi ya jicho, vilenzi vya bei poa vinatawanya rangi pembeni mwa duara. Akaniambia tena nitikise kichwa kushoto na kulia. Rangi ikaja, ikaenda. Hiyo nayo ilikuwa yangu mwenyewe, jicho halijakaa pake. Nikawakumbuka wateja wangu wa jana, kila mmoja anasukumwa na mwenzake nyuma.

“Sasa ipoteze fokasi kidogo, ingiza ndani.” Nyota ikavimba ikawa kisahani cha kijani-manjano, ukingo wake mwekundu wa zambarau. “Rudisha, pitiliza nje.” Ukingo ukageuka kijani, na katikati pakawa na wekundu wa mvinyo. “Rudisha kwenye fokasi.” Nyota ikawa nukta nyeupe, na kuizunguka kote, pande zote sawa, utando hafifu wa zambarau.

Huo sasa ndio wa lenzi yenyewe. Ungekuwa upande mmoja tu, wakati nyota iko utosini na katikati ya duara, hapo ningejua vioo vya mbele vimekaa upogo. Ukizunguka sawa pande zote, basi ndiyo tabia ya akromati, yaani lenzi ya vioo viwili: inazikutanisha rangi mbili mahali pamoja, nyekundu na buluu, na kijani inakaa jirani yao kidogo. Zambarau inaachwa inatangatanga. Ukitaka itulie nayo, tafuta apokromati, yenye vioo maalumu au floraiti, na uandae mshiko mara kadhaa wa huu. (Na mjue kabisa, herufi APO zilizoandikwa kwenye bomba hazitoshi. Watengenezaji hawakubaliani zinaanzia wapi, na wengine wanazibandika kirahisi.)

Mwezi ulikuwa bado chini mashariki, hivyo tukaungojea upande. Mwalimu akanipa umbeya wa zamani, na mimi nawapa. Newton mwenyewe aliamini rangi ya lenzi haina dawa, ndiyo maana mwaka 1668 akatengeneza darubini ya kioo cha kuakisi. Wengine waliamua kuzirefusha tu, maana lenzi yenye fokasi ndefu inaficha rangi. Hevelius kule Danzig alikuwa na darubini ya zaidi ya mita 40, imening'inizwa kwenye mlingoti kwa kamba kama jahazi. Upepo ukivuma, kwisha habari.

Halafu akaja wakili mmoja Mwingereza, Chester Moor Hall, miaka ya mwanzo ya 1730. Akagundua ukiunganisha kioo cha aina ya krauni na cha flinti, kimoja kinasahihisha kosa la mwenzake. Mtu wa siri huyo. Akapeleka kioo kimoja kwa fundi huyu na kingine kwa fundi yule, wasijue. Mafundi wote wawili walikuwa wamebanwa na kazi, kila mmoja akampa kibarua mtu wa pembeni, na inasimuliwa kwamba mtu wa pembeni alikuwa mmoja, George Bass! Bass akaona vipimo vinalingana, akavibandika pamoja, akachungulia. Siri ikatoka. Mwaka 1758 John Dollond akachukua hatimiliki. Baada yake mwanawe Peter akawaburuza mafundi wenzake mahakamani, na mwaka 1766 mahakama ikampa ushindi. Wakili wa siri hakuambulia chochote. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa.

Akataka na yeye aangalie Sirius. Akaweka jicho la kushoto, akakaa muda mrefu.

“Safi kabisa. Sioni zambarau hata chembe.”

“Mwalimu, ipo. Inazunguka yote.”

Akabadilisha jicho, la kulia. Akanyamaza. Akarudi kushoto. Akarudi kulia. Kisha akakaa kwenye kigoda.

Jicho la kulia alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka uliopita, akawekewa lenzi ya bandia. La kushoto bado ni lile la kuzaliwa, na lenzi ya jicho la mtu inageuka manjano polepole kadiri anavyozeeka, inazuia zambarau isipite. La kulia liliiona. La kushoto halikuiona. Mtu mmoja, darubini moja, nyota moja, hukumu mbili.

“Nimewafundisha watoto rangi saba miaka yote ile,” akasema taratibu. “Sijui toka lini nilikuwa naziona sita na nusu.”

Sikujua nijibu nini. Nikamtengenezea chai.

Saa saba kasoro mwezi ukawa juu. Lipstiki hakuna. Shedo hakuna. Kwenye ukingo, penye mpaka na weusi wa anga, kijiuzi cha zambarau kama penseli iliyochongwa vizuri, basi. Milima na makreta yanakata kama wembe. Mwalimu akapiga hesabu kwenye karatasi ya risiti (ya kodi, lakini sikusema kitu): 900 gawanya kwa kipenyo cha milimita 80, unapata 11.25. Kipimo cha Sidgwick, mtaalamu mmoja wa Kiingereza, kinataka namba hiyo isipungue mara tatu ya kipenyo kwa inchi. Milimita 80 ni inchi 3.15, mara tatu ni 9.45. Imefaulu. Kipimo cha Conrady ni kikali zaidi, mara tano, yaani 15.75. Imefeli. “Kwa hiyo una darubini ya kawaida, iliyo nzuri,” akasema. “Huyo kijana hakukuibia.”

Ndipo nikafungua simu nikautafuta ujumbe wa mshikaji wa siku ya biashara. Mimi kichwani nilikuwa nakumbuka aliandika “haina rangi”. Aliandika hivi: “Rangi kidogo ipo ukingoni ila si ya kukera.” Nilikuwa nimeusoma mpaka kwenye bei tu.

Nikampigia asubuhi, hakupokea. Mchana, hakupokea. Nikaandika ujumbe mrefu wa kuomba radhi, na nikawaeleza pia muuza mihogo na jamaa yule anayejua mambo, maana matusi nilimtukania pale. Siku ya tatu mshikaji akajibu neno moja: “Poa.” Wabongo mnajua “poa” ina aina ngapi. Hii ilikuwa ya baridi.

Mwalimu alinisogezea kodi mpaka mwisho wa mwezi, kwa sharti kwamba darubini inalala sebuleni kwake siku za katikati ya wiki. Nikakubali. Kila nikipita usiku namkuta anabadilisha jicho.

Mwezi mpevu uliofuata nikarudi Coco. Ulipochomoza sikumtoza mtu. Wenye haraka niliwaonyesha lipstiki bure, wakacheka, wakaenda kula mihogo. Saa nne usiku nikaanza kukusanya buku. Vichwa ishirini na sita. Saa tano simu ikaita, jina la mshikaji.

“Upo wapi?”

Sikujua ananiuliza mimi au mwezi. Nikamwambia mimi nipo Coco, na mwezi upo juu. Akasema anakuja, ila nimlipie bajaji.