Ndoana ya Newala na Kambale wa Ruvuma

Msafiri atokaye mjini Newala akafika ukingoni, mahali paitwapo Shimo la Mungu, husimama pasipo kuamriwa. Nchi imekatika mbele ya miguu yake. Chini kabisa limetanda bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Maji yako chini, watu wako juu. Ndugu msomaji, hilo ndilo fumbo la uwanda wa Makonde. Nami huko, kwa watu wa nchi kavu, ndiko nilikojifunza jambo ambalo sikulitazamia: namna ya kutengeneza kwa mikono mshipi wa chambo hai.

Fumbo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1906 mtaalamu Mjerumani Karl Weule alikaa Newala akichunguza maisha ya wenyeji, akastaajabu kuona jinsi walivyojenga mbali na maji. Sababu imo ardhini. Udongo wa uwanda huu ni wa kichanga. Mvua ikinyesha huzama, haiachi kijito juu yake. Kwa vizazi vingi akina mama waliteremka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kusukuma maji kwa mitambo hadi juu, lakini hata leo mwenyeji wa Newala hamwagi maji bila kufikiri.

VIFAA KUTOKA MASASI

Safari yangu ilianzia Masasi, mji uliozungukwa na vilima vya mawe matupu, ambako Askofu Edward Steere aliwafikisha watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876. Mwenyeji wangu wa Newala, baba mzazi wa rafiki niliyefanya naye kazi Dar es Salaam, alikuwa ameniagiza: "Usiniletee sukari, mwanangu. Pita kwa fundi baiskeli, uniletee vyuma vyake vya kutupa."

Basi nikainama penye takataka za fundi mmoja karibu na soko. Nikapata spoki sita zilizopinda, waya wa breki uliokatika, na kipande cha tairi kuukuu ambacho ndani yake mna nyuzi imara za nailoni. Fundi alicheka, akakataa malipo. Kwa uchafu huo, mzigo wangu wa zawadi ukawa umetimia.

KAZI CHINI YA MKOROSHO

Mzee alinipokea chini ya mkorosho uani kwake. Baada ya shikamoo na marahaba, alizipanga zile spoki juu ya mkeka kama mtu ahesabuye fedha. Mjukuu wake, mvulana wa miaka kumi na miwili, alikwisha koleza makaa.

Kazi yenyewe ni hii. Spoki hukatwa kipande kirefu kiasi cha kidole cha kati. Ncha moja hunolewa kwa tupa mpaka ichome ukucha kwa kuguswa tu. Juu kidogo ya ncha hupigwa patasi kwa upole, chuma kiinuke kijino cha kumzuia samaki asichopoke. Kisha chuma hupashwa moto, hupindwa kwa koleo kiwe ndoana, na ncha ya pili hufanywa kitanzi cha kufungia.

"Sasa ndoana ni nzuri kwa macho, lakini ni laini kama nta," alisema Mzee. Aliirudisha motoni mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza katika kikopo cha mafuta ya ufuta. Nilipomuuliza kwa nini asitumie maji, alinitazama kwa mshangao. "Maji ya Newala ni ya kunywa, mwanangu. Tena maji hukifanya chuma kikali mno, kikavunjika. Mafuta hukipa ugumu na subira."

Mjukuu alitengeneza yake. Alikuwa na haraka. Alipokwisha kuipinda aliiweka kando ing'ae na nyingine. Mzee aliiona, akanyamaza.

Kutoka kitanzini hufungwa kipande cha waya wa breki, urefu wa shibiri mbili, kwa maana kambale ana meno madogo mengi yaliyopangika kama tupa, nayo husaga uzi usiku kucha. Baada ya waya huja uzi wa tairi uliosokotwa mara tatu. Chubwi ni nati nzito, na boya ni kipande cha ndala iliyokatika. Hakuna kilichonunuliwa.

MTONI

Tuliteremka alfajiri ya siku ya pili. Kiangazi kilikuwa kimeupunguza mto. Mchanga mweupe ulitanda pande zote mbili, na mikondo ya maji ilipita katikati. Tulipiga hodi kwanza kwa viongozi wa kijiji cha bondeni, kama ipasavyo, tukaonyeshwa mahali pa kuvua.

Chambo hai ni samaki wadogo. Mto ukipungua huacha madimbwi mchangani, na humo perege wachanga hunaswa wakingoja kukaukiwa. Mjukuu alitaka kuingia mtoni, ambako visamaki vilikuwa tele. Mzee alimshika mkono kwa nguvu, nikaona uso wake umebadilika.

"Dimbwi ambalo unauona mchanga wake wa chini, ingia. Maji usiyoyaona chini yake yana mwenyewe."

Mwenyewe ni mamba. Baadaye, mtoto alipokuwa mbali, Mzee alinieleza kwamba alikuwa na mdogo wake aliyetumwa kutafuta chambo ukingoni, naye hakurudi. Aliyemtuma ni yeye Mzee. Hakuongeza neno, nami sikumwuliza.

Tulichota visamaki kumi tu kwa kikapu, tukaviweka kivulini katika ndoo ya maji ya mto. Mjukuu aliuliza kwa nini tusitumie chandarua, tukapata mia. Nilikuwa nimewaona watu wakifanya hivyo mahali pengine, na niliwahi kusikia habari za utupa, mmea upondwao na kutiwa majini ili samaki walewe. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu na kwa baruti, lakini jibu la Mzee halikutoka katika kitabu: "Tuna ndoana tano. Hao mia utawafanyia nini?"

Ndoana hupitishwa chini ya ngozi ya mgongo wa kisamaki, nyuma ya pezi, bila kuugusa uti. Ukiugusa, kimekufa, usipougusa, kitaogelea saa nyingi. Mtikisiko wake ndio unaomwita kambale, ambaye hutembea usiku na kupapasa njia kwa sharubu zake nane. Mshipi hufungwa kwenye ufito mbichi uliochomekwa mbali na ukingo. Samaki akivuta, ufito hupinda na uzi haukatiki. Mishipi hutegwa jua lingalipo na huangaliwa jua likisha kupanda. Usiku hapana mtu akaribiaye maji.

Nimesoma kwamba katika nchi za baridi, kama sehemu za Kanada, watu hutoboa barafu ya ziwa na kuning'iniza kisamaki hai kwa ajili ya samaki mkali aitwaye pike. Kibendera kidogo huinuka samaki anapomeza. Huko wanahofia barafu kupasuka, hapa tunahofia mamba. Lakini penye barafu na penye mchanga, mvuvi hutega, hujitenga na hungoja.

ASUBUHI

Kulipokucha, fito tatu zilikuwa zimesimama wima. Wa nne ulipinda hadi mchangani. Tulivuta pamoja, akatoka kambale mwenye urefu wa mkono wangu mzima, mweusi, akipumua hewa kana kwamba nchi kavu ni yake.

Ufito wa tano nao ulikuwa wima, lakini maji yalikuwa yamevurugika. Mjukuu aliuvuta mshipi wake. Ndoana ilikuwa imenyooka kama sindano.

Alisimama akiitazama. Nilitazamia Mzee amkaripie, maana huyo aliyekwenda pengine alikuwa mkubwa kuliko huyu wetu. Mzee aliichukua, akaipinda kwa vidole vyake vitupu, akaonyesha jinsi ilivyotii.

"Hii haikuonja mafuta," alisema. "Jumamosi utakoleza makaa tena."

Visamaki vilivyosalia, vilivyokuwa bado hai, mtoto aliagizwa avirudishe mtoni. Alijongea mpaka penye maji haba yaliyoonyesha mchanga, akamimina ndoo, akarudi mbio. Mzee hakuondoa macho kwake mpaka alipofika.

Kambale tulimbanika papo hapo, apungue uzito, kisha tukaanza kupanda. Usiku ule, juu uwandani, tulimla kwa ugali wa muhogo, watu saba. Baada ya chakula maji ya kunawa yalipitishwa katika bakuli moja, na yaliyobaki mtoto akayapeleka kwenye mche wa mpapai. Kisha akaja kuketi karibu na babu yake, akiwa na spoki moja na tupa.